Chokaa ya rangi kwenye nyumba ya mawe: anza na ukuta, rangi itafuata

Swali: Shikamoo mzee. Marehemu babu ametuachia nyumba ya mawe ya matumbawe hapa Pangani mjini. Miaka miwili iliyopita tuliipaka rangi ya maji ya dukani, manjano hafifu, na sasa inabanduka kama magamba ya samaki, hasa sehemu ya chini. Bibi anasema kwamba zamani ilikuwa ikipakwa chokaa iliyotiwa rangi na haikuwahi kubanduka namna hii. Fundi tuliyempata yuko tayari kupaka chokaa, lakini anataka kuchanganya chumvi na gundi nyeupe ya mbao, na rangi ya kutia ndani hana uhakika ni ipi. Je, yuko sahihi? Na tupime vipi ili rangi ilingane nyumba nzima?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Bibi yako anasema kweli, na fundi wako amekosea kosa ambalo nami nililifanya nilipokuwa kijana, kwa hiyo nitalieleza bila kumdharau. Niruhusu hata hivyo nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu swali lako la rangi liko mwishoni kabisa mwa kazi hii, na ukianza nalo utarudi kuniuliza tena baada ya masika mawili.

Ukuta wa babu yako umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na mara nyingi udongo mwekundu, na kuta za namna hiyo katika mwambao wetu huwa na unene wa kama nusu mita. Ukuta huo haukukusudiwa kuyafungia maji nje kabisa. Ulikusudiwa kuyapokea na kuyatoa. Hunyonya unyevu wa ardhini na wa mvua, kisha jua na upepo vikija huutoa kupitia usoni mwake. Rangi ya maji ya dukani, licha ya jina lake, ikikauka huwa utando wa plastiki. Unyevu ukifika nyuma ya utando huo hukosa njia, nao haukuja peke yake, bali umebeba chumvi ya ardhini na ya mawe yenyewe ambayo asili yake ni bahari. Chumvi hiyo huganda nyuma ya rangi, chembe zake hukua, na hizo ndizo zinazoisukuma rangi hadi ikabanduka. Sehemu ya chini imetangulia kuharibika kwa sababu unyevu wa ardhini hupanda hadi kimo cha kiuno au kifua cha mtu, halafu hukoma.

Chokaa haina tabia hiyo kwa sababu haikai juu ya ukuta kama ngozi. Matumbawe au mawe ya chokaa yakichomwa tanurini hadi kufikia nyuzi 900 hivi za Selsiasi hutoa hewa ya ukaa, kiasi kwamba kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 tu za chokaa isiyozimwa. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka, huvimba na kuwa unga au uji, na hapo tunasema imezimwa. Ukiipaka ukutani huanza kuivuta tena kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyopotea tanurini, na polepole hurudi kuwa jiwe lile lile ililokuwa, safari hii likiwa limejipenyeza ndani ya vitundu vya lipu yako. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Gedi bado yana lipu ya chokaa iliyopigwa karne nyingi zilizopita, wala hakuna aliyeifungia kwa plastiki. Shika mambo mawili katika maelezo hayo, maana kila nitakalolisema baadaye linatoka humo: chokaa inahitaji ukuta unaonyonya, na inahitaji unyevu wa kutosha ili ipate muda wa kugeuka jiwe kabla ya kukauka.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuiondoa rangi ya maji yote, si ile iliyobanduka pekee. Chokaa iliyopakwa juu ya plastiki haina cha kushika na itadondoka kwa vipande. Ikwanguliwe kwa bapa la chuma kwa mkono mwepesi, na iliyogoma ilowanishwe kwa maji ya moto kisha isuguliwe kwa brashi ngumu ya nyuzi za plastiki au ya makumbi. Brashi ya waya siipendi kwenye ukuta huu, kwa sababu lipu ya chokaa ni laini na waya huichana. Kama chini ya rangi ya maji mtakuta rangi ya mafuta ya miaka ya nyuma, msiisugue ikiwa kavu, maana rangi nyingi za zamani za mafuta zilitiwa risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowanisheni kwanza, mfunge pua na mdomo, na mabaki yake myakusanye yasisambae uani. Mkidhani mmemaliza, mwagia ukuta kikombe cha maji. Maji yakinywewa na mahali pale pakawa peusi, ukuta uko tayari. Yakiteleza kama yanavyoteleza kwenye jani la mgomba, bado kuna plastiki.

Mtakapokuwa mkikwangua mtaona pia viraka vya saruji, kwa kuwa sijawahi kuona nyumba ya mawe ya umri huo isiyo na viraka vya saruji. Saruji hainyonyi kama chokaa, na kwa hiyo hata mkipaka kutoka ndoo moja, kiraka kitakuwa na rangi yake na ukuta utakuwa na rangi yake. Zaidi ya hayo, kiraka huufukuza unyevu uende pembeni na kuuharibu ukuta huko. Mafundi wavivunje vile vilivyolegea, na ambavyo vinaweza kutoka bila kung'oa mawe, kisha wazibe kwa lipu ya chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga safi usio wa baharini. Lipu hiyo ilowanishwe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa ili isipasuke. Penye unga mweupe wa chumvi pafagiliwe pakiwa pakavu, mara nyingi kadiri unavyotokea, na vumbi lake litupwe mbali. Ukipaosha kwa maji unairudisha chumvi ndani.

Kisha angalia maji yanatoka wapi. Bati linalovuja, mfereji uliokatika, sakafu ya saruji iliyomwagwa hadi mguuni mwa ukuta, au udongo wa bustani uliopanda juu ya msingi vitaishinda chokaa yoyote, iwe ya rangi au nyeupe. Wateja wangu wengi hutaka kuziruka aya hizi ili tufike kwenye ndoo za rangi, nami huwaambia kwamba rangi ni siku nne za kazi na haya ni wiki nne.

Sasa chokaa yenyewe. Iliyo bora ni uji wa chokaa iliyozimwa na kulazwa shimoni au pipani chini ya maji kwa miezi, kama walivyofanya wazee waliochoma matumbawe kwa magogo ya minazi. Kadiri inavyolala ndivyo chembe zake zinavyozidi kuwa ndogo na laini, na ndivyo inavyoshika zaidi. Kama hupati hiyo, chokaa ya unga ya mifuko inayouzwa kwa wajenzi inafaa, mradi ni mpya. Nakuonya juu ya mifuko miwili inayofanana nayo. Wa kwanza ni chokaa ya shambani, ile ya kupunguza uchachu wa udongo, ambayo mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa, na haitashika ukuta kamwe. Wa pili ni poda ya kuskimu, ambayo kwa kawaida ni jasi iliyochanganywa na gundi, na haifai kwa ukuta wa nje wala wenye unyevu. Njia rahisi ya kuijaribu chokaa ni kukamulia ndimu juu ya kijiko cha unga wake. Ikitoa mapovu mengi kama soda, ni jiwe lisilochomwa, au ni chokaa iliyokaa dukani hadi ikavuta hewa na kufa ndani ya mfuko. Iliyo hai haitoi mapovu, au hutoa machache sana.

Unga huo usipakwe siku hiyo hiyo. Mfuko wa kilo 25 umwagwe kidogo kidogo katika pipa lenye lita 30 hivi za maji baridi yasiyo ya chumvi, ukorogwe hadi uwe uji mzito, ufunikwe na uachwe siku mbili kwa uchache. Wiki mbili ni bora. Hapo uongezewe maji mpaka uwe mwepesi kama maziwa ya ng'ombe, uchujwe kwa kitambaa cha chandarua au kanga kuukuu, na utapata lita 60 hadi 70. Watu hushangazwa na wepesi huo, na fundi atakuambia kwamba haya ni maji. Usimsikilize. Chokaa nzito kama rangi ya dukani hupasuka ikikauka na kugeuka vumbi, ilhali mikono minne myembamba, yaani kupaka mara nne kwa wepesi, hushika kama jiwe moja. Wala usiogope kwamba haionekani unapoipaka, maana chokaa mbichi hupitisha mwanga kama maji ya mchele, na weupe wake hujitokeza inapokauka na kugeuka.

Chokaa huunguza, kwa hiyo nitasema hili moja kwa moja. Kila anayeipaka avae miwani ya kazi na glavu, na mikono ya shati iwe mirefu. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua robo saa, kisha mtu apelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mkipata chokaa isiyozimwa na kuamua kuizima wenyewe, tieni chokaa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe msimwage maji juu ya chokaa, tena katika chombo cha chuma kilicho wazi, mbali na watoto, kwa sababu huchemka na kuruka.

Tuje kwenye rangi. Si kila rangi huvumilia chokaa, maana ukali wake huila rangi kama jiki inavyokula nguo. Rangi za kutilia miyaa ya mikeka, rangi za vyakula, na wino wa aina yoyote zitapendeza siku tatu, halafu zitapauka au kugeuka rangi nyingine. Zinazostahimili ni zile zenye asili ya udongo na chuma, yaani oksaidi za chuma, ambazo utazikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi kama unga wa kutilia sakafu za saruji na terazo. Kwa kuwa saruji nayo ni kali kama chokaa, unga uliotengenezwa kwa ajili yake kwa kawaida hauna wasiwasi. Katika kundi hilo kuna njano, nyekundu, hudhurungi na nyeusi. Kijani cha oksaidi ya kromiamu nacho hudumu. Buluu ya kufulia nguo ina historia yake katika kazi hii, kwa sababu chembe kidogo tu huifanya chokaa nyeupe ionekane nyeupe zaidi, na ikizidi hutoa samawati ya kupendeza. Lakini buluu za dukani hazifanani, na kuna buluu ya aina nyingine kabisa, iitwayo buluu ya Prusia, ambayo ndani ya chokaa huharibika na kuwa kahawia kama kutu. Masizi hutoa kijivu kizuri, isipokuwa huelea juu ya maji na kukataa kuchanganyika mpaka uyaloweshe kwanza kwa spiriti kidogo.

Mtu atakuambia utumie udongo wa manjano au mwekundu wa kuchimba mwenyewe. Siukatai, na mwambao huu umeutumia. Tatizo lake ni ule mfinyanzi ulioambatana na rangi, ambao ukizidi huilegeza chokaa hadi ikawa inafutika kwa kiganja. Kama unautaka, ukoroge katika ndoo ya maji, usubiri kama dakika moja mchanga uzame, umimine maji yenye rangi katika ndoo ya pili, uyaache hadi kesho yake yatulie, na utumie tope laini la chini pekee, tena kwa kiasi kidogo.

Unga wowote ulionunua, ujaribu kabla ya kuuamini. Chukua vikopo viwili vya kioo. Kimoja utie kijiko cha unga na maji, kingine kijiko cha unga na uji wa chokaa, uvifunike na uviweke mahali penye mwanga kwa wiki mbili. Usivifananishe kimoja na kingine, kwa sababu cha chokaa lazima kitakuwa hafifu. Kifananishe na kilivyokuwa siku ya kwanza. Kama manjano imebaki manjano, unga ni mzuri.

Kwa manjano hafifu unayoitaka, anza na gramu 500 hadi 750 za oksaidi ya njano kwa mfuko wa kilo 25. Ukitaka iwe na joto kidogo, kama ganda la embe lililoanza kuiva, ongeza vijiko viwili vya oksaidi nyekundu, lakini kwa tahadhari, kwani nyekundu ina nguvu kuliko njano na haina msamaha. Usivuke kilo mbili na nusu za unga wa rangi kwa mfuko huo, yaani sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Chembe za rangi hazigeuki jiwe. Chokaa ndiyo inayozishika. Zikiwa nyingi kuliko zinavyoweza kushikwa, kila anayeketi barazani ataondoka na mgongo wa njano kwenye kanzu yake. Ndiyo sababu chokaa haitoi rangi nzito inayong'aa kama rangi za mafuta, na anayetaka nyekundu ya gari au buluu ya bahari kuu atafute kitu kingine, na ukuta mwingine.

Unga wa rangi usitiwe mkavu ndani ya pipa. Uloweke usiku kucha katika maji ya uvuguvugu, uukoroge uwe kama ujiuji usio na madonge, uupitishe kwenye kitambaa, ndipo uumimine kwenye chokaa ukikoroga. Madonge yaliyofichika huja kupasuka chini ya brashi na kuacha michirizi ambayo hakuna anayeweza kuifuta.

Usiihukumu rangi ndani ya pipa. Ikiwa mbichi ni nzito mno kuliko itakavyokuwa ikikauka. Aliyezoea rangi za dukani huona manjano kama ya bizari, akaingiwa na hofu, akaongeza chokaa nyeupe, na baada ya siku mbili akapata ukuta mweupe. Paka mikono miwili kwenye pembe ya ukuta wa nyuma, katika mraba wa nusu mita, na ungoje siku tatu. Ukiwa na haraka, paka kwenye kipande cha tofali na ukikaushe juani, ingawa kipimo cha tofali hudanganya kwa sababu hakinyonyi kama ukuta wako. Fanya miraba mitatu yenye vipimo tofauti, uandike kipimo cha kila mmoja pembeni yake, na umwite bibi achague.

Umeuliza juu ya kulingana. Hesabu eneo lote kwanza, kwa sababu rangi yote lazima ichanganywe katika pipa moja. Kipimo kile kile kikirudiwa wiki ijayo hakitatoa rangi ile ile. Lita moja hupaka mita za mraba nne hadi nane kwa mkono mmoja, kutegemea kiu ya ukuta, nami kwa matumbawe huhesabu tano. Ukiwa na uso wa mbele wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 6, hizo ni mita za mraba 60. Ushauri wangu ni mikono minne kwa jumla: miwili ya kwanza iwe ya chokaa nyeupe tupu, ili viraka na ukuta wa zamani vilingane katika kunyonya, na miwili ya mwisho iwe ya rangi. Mikono hiyo miwili ya rangi itahitaji lita 24 hivi kwa uso huo, kwa hiyo mfuko mmoja utatosha mbele na ubavuni na kukuachia akiba. Pipa likorogwe kila mara brashi inapochovywa, kwani rangi huzama, na asiyekoroga ataanza na ukuta hafifu na kumaliza na ukuta mzito. Kila uso umalizwe siku moja kutoka pembe hadi pembe bila kuachwa njiani, maana mahali fundi alipoenda kula patabaki kuonekana.

Hata ukifanya yote hayo, usitegemee rangi iliyo sawasawa kama karatasi. Chokaa ya rangi ina mawingu. Huwa nzito kidogo ukuta ukinyeshewa, na hafifu siku za jua kali. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake, lakini kuna wateja walionikasirikia, na ni haki yako kuujua kabla.

Siku ya kupaka, ukuta ulowanishwe vizuri kwa maji safi, hadi uwe na ubaridi mkononi lakini usiwe unatiririka. Chokaa ikipakwa kwenye ukuta mkavu, maji yake hunyonywa kwa dakika moja, ikakauka kabla ya kugeuka, na kinachobaki ni chaki. Tumia brashi pana ya nywele ndefu, paka mkono mmoja ukienda kushoto na kulia, unaofuata juu na chini, na kati ya mkono na mkono pite siku nzima. Kabla ya kila mkono lowanisha tena. Fuata kivuli: ukuta wa mashariki upakwe alasiri, wa magharibi asubuhi. Msimu mzuri kwenu ni kipupwe, masika yakiisha kuanzia Juni, wakati kuta zimeshakauka kiasi na jua halijawa kali, ingawa upepo wa kusi hukausha haraka na italazimu kutundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya kuta zinazoelekea baharini. Mwaka mmoja nilikubali kupaka nyumba mwezi Januari, katikati ya kaskazi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na arusi. Ilipendeza kwenye picha za arusi. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka yote na maji ya mvua hadi barabarani, nami nikairudia kwa gharama yangu.

Sasa chumvi na gundi za fundi wako. Chumvi ina maelezo yake: huvuta unyevu kutoka hewani, na hivyo huichelewesha chokaa kukauka ikapata muda wa kugeuka jiwe. Bara, kwenye ukuta mkavu wa matofali, mtu aliyefanya hivyo hakuwa mjinga. Pangani, ndani ya ukuta wa matumbawe ambao tayari una chumvi hadi moyoni, ni kuongeza ugonjwa ule ule uliobandua rangi yenu. Maji ya kulowanishia na magunia ya kivuli hufanya kazi hiyo hiyo bila madhara. Gundi ya mbao nayo ni plastiki ya jamii ile ile iliyomo ndani ya rangi ya maji. Ukiitia mtakuwa mmekwangua wiki nne ili mrudi mlikotoka. Mwambie pia asiongeze saruji nyeupe, maana najua ukimkataza gundi, hilo ndilo litakalofuata.

Kama anataka nyongeza, ipo moja ninayoikubali, nayo ni maziwa yaliyotolewa siagi, kiasi cha lita moja kwa lita kumi za chokaa ya mkono wa mwisho, yatiwe siku ile ile ya kupaka. Protini ya maziwa hukutana na chokaa ikawa kama gundi isiyoyeyuka kwa maji, na ukuta ukaacha kupaka watu rangi. Mexico hutia utomvu wa mpungate kwa sababu hiyo hiyo. Mimi huyatumia maziwa nyuma ya baraza tu, kimo cha mabega ya mtu aliyeketi, na siyatii kabisa ndani ya vyumba visivyo na hewa, kwa kuwa huko huota ukungu.

Kabla ya kuanza, ulizeni katika halmashauri yenu kama nyumba imo kati ya majengo yanayolindwa kisheria kama mambo ya kale, kwa sababu kama imo, kubadili rangi ya nje kunahitaji idhini. Kwenye miji kama Mji Mkongwe wa Zanzibar jambo hilo husimamiwa na mamlaka maalumu.

Chokaa itakayobaki isimwagwe. Itie katika ndoo yenye kifuniko, juu yake iwe na vidole viwili vya maji, nayo itakaa miaka bila kuharibika, maana pasipo hewa haigeuki. Masika yakipita, pale patakapokuwa pamefutika chini ya mchirizi wa bati, lowanisha na upake mkono mmoja. Hupaswi kukwangua chochote, kwani chokaa hupokea chokaa. Baada ya miaka mitano hivi nyumba nzima itahitaji mkono mmoja au miwili. Kipimo mlichokichagua, gramu za njano, vijiko vya nyekundu na uzito wa chokaa, kiandikwe kwa kalamu ya risasi nyuma ya mlango wa ghala, ili atakayepaka baada yenu asilazimike kuniandikia.